Herufi Gani Ziandikwe Juu ya Sabuni Yetu?

Wanachama wengi wametuuliza kwa nini maboksi mawili ya sabuni ya karafuu yaliyopelekwa Tunduma yalirudi Pemba, moja zima na la pili nusu, hali sabuni yenyewe haina ila. Wako waliosema kuwa watu wa bara hawaipendi harufu. Wako waliosema ni bei. Hata ilisemwa katika baraza moja kwamba ni husuda ya mwanachama fulani, jambo ambalo hatutalijibu katika gazeti hili. Kamati ilitutuma tukatazame kwa macho yetu. Tumekwenda na tumerudi, na khabari tuliyokuja nayo ni ndogo hata tuliona haya kuisema: sabuni yetu haikununuliwa kwa kuwa watu hawakuweza kusoma jina lake.

Twaieleza hapa kwa kirefu kwa sababu mwezi ujao Mkutano Mkuu utapiga kura juu ya lebo mpya ya Chama, na lebo hiyo itachapwa kwa fedha za wanachama wote, waliomo katika kazi ya sabuni na wasiokuwamo.

Kwa wasioijua Tunduma, ni mji wa mwisho wa Tanzania katika njia ya kwenda Zambia, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Umo katika Mkoa wa Songwe, mkoa mpya uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, wenye makao yake makuu Vwawa. Ukivuka mpaka uko Nakonde, na shilingi yako imegeuka kwacha. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupita hapo, na reli ya TAZARA nayo hupita hapo. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa mwaka 2019 ili gari likaguliwe mara moja badala ya mbili, lakini siku tuliyofika sisi tulikuta foleni ya malori ambayo mwisho wake hatukuuona. Dereva na utingo wake waliokaa katika foleni hiyo huhitaji kuoga, na mtu anayehitaji kuoga hununua sabuni. Hesabu hiyo aliifanya mpwa wa mwanachama wetu mmoja anayefanya biashara huko, na haikuwa hesabu mbaya.

Duka lenyewe ni dogo. Mtu akinyoosha mikono miwili anagusa kuta zote mbili. Sabuni zimepangwa kwenye rafu ya nyuma, juu ya kichwa cha muuzaji, na mnunuzi husimama nje ya nondo, hatua tano au sita. Taa ni moja. Vumbi la barabarani limekaa juu ya kila kitu. Hapo ndipo palipokuwa makazi ya sabuni yetu kwa muda wa miezi mitatu, na sisi tulipokuwa tukichagua lebo hatukupafikiria hata kidogo.

Mwenye duka ni mama wa makamo. Tulipomwamkia shikamoo na kumweleza sisi ni nani alicheka, akasema, "Karibu baba. Kumbe ndio nyinyi." Akapanda kigoda, akateremsha kipande kimoja cha sabuni, akakishika mbali na macho yake.

"Nisomee," akasema.

Tukasoma: "Sabuni ya Karafuu."

"Wewe umesoma kwa kuwa unajua ni nini. Mimi nilisoma Karafun. Nikadhani ni jina la mtu aliyeitengeneza. Kuna mteja mwingine aliniuliza ni dawa ya nini, ya chunusi au ya upele. Mwingine akasema hanunui kitu ambacho maandishi yake ni kama ya mganga."

Kisha akatuonyesha kitu ambacho mpwa wetu hakututajia, labda kwa kutuheshimu. Ni kipande cha boksi la biskuti, kimefungwa kwa uzi kwenye nondo, na juu yake mama huyu ameandika kwa kalamu nene ya wino mweusi: KARAFUU. Na chini yake: YA KWENYE CHAI NA PILAU. Alikitundika wiki mbili kabla ya mpwa wetu kuja kukusanya mali. Nusu ya boksi iliyouzwa iliuzwa katika wiki mbili hizo. Boksi zima lililorudi halikupata hata nafasi ya kufunguliwa.

Basi ndugu wanachama, sisi tulilipa mchoraji, tukalipa mpiga chapa, tukakaa vikao viwili juu ya rangi ya ua. Na sabuni yetu imeuzwa na kipande cha boksi la biskuti.

Lebo ile wengi wenu mwaijua. Herufi zake ni zile za kadi za harusi, zilizolala upande na kushikana mikono, nyembamba penye kupanda na nene penye kushuka, na mkia wa herufi ya mwisho umezunguka mpaka ukalipita jina zima. Sisi nasi tuliinua mkono siku ilipopitishwa, na wala hatujifichi nyuma ya Kamati. Tuliipenda kwa sababu tuliitazama mezani, mchana, karatasi ikiwa mikononi, na kila mmoja wetu akijua kabla ya kutazama kwamba imeandikwa Karafuu.

Neno letu hili lina tabia yake. Linaishia kwa u mbili. Katika mwandiko wa kushikanisha, u mbili ni vijiti vinne vilivyounganishwa kwa chini. Kiungo kimoja kikipanda juu kidogo, u ya mwisho imekuwa n; kimoja kikisogea, u mbili zimekuwa w. Na r ya mwandiko ule ni kama n iliyokatwa mguu. Ondoa mwanga, ongeza vumbi, msimamishe mtu hatua sita, na neno limekwisha. Mama wa Tunduma hakukosea kusoma. Alisoma kilichoandikwa.

Katika safari hii tumejifunza kuwa herufi zina kazi mbili, na sisi tulikuwa tukizichanganya. Zipo herufi za kusomwa kwa kukaa, kama hizi za gazeti letu, ambazo msomaji hapaswi hata kuziona. Akianza kuziona, pana kosa. Na zipo herufi za kuita. Hizo ni chache na kubwa, nazo husema neno moja au mawili kwa mtu aliye mbali ambaye hakukusudia kusoma kitu. Herufi ya kusomwa inaweza kuwa na adabu ya kusema polepole. Herufi ya kuita ina nafasi moja tu, mtu anapopitisha jicho.

Tulipokuwa njiani, basi letu lilisimama Mlowo, kisha Vwawa. Wote wanaijua ile desturi ya stendi: basi halijatulia, vijana na akina mama wamekwisha fika chini ya madirisha wameinua bidhaa juu ya vichwa vyao. Huko ni Mbozi, nchi ya kahawa, na miongoni mwa vitu vilivyoinuliwa zilikuwamo pakiti za kahawa ya kusaga. Tulihesabu namna nne za pakiti. Tatu hatukujua ni nini mpaka tulipoambiwa; moja ilikuwa na neno KAHAWA, herufi nyeusi juu ya karatasi ya kaki, urefu wa kidole gumba. Abiria aliyekaa mbele yetu alinunua hiyo. Hatusemi kahawa hiyo ilikuwa bora kuliko nyingine, wala yeye hakuwa na njia ya kujua. Basi likaondoka.

Waliojua kazi ya kuita zamani kuliko sisi ni wachapaji wa kanga. Mwanzo maneno ya kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaandikwa kwa herufi za Kirumi, lakini kanuni haikubadilika. Tazama kanga za Kaderdina wa Mombasa, duka ambalo khabari zake zaanzia mwaka 1887 na ambalo kanga zake hujulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla". Pindo laweza kuwa na fujo lolote, korosho, maua, nukta, mistari. Ila jina liko katika kisanduku chake, herufi kubwa zilizosimama wima, na nafasi nyeupe pande zote. Bibi anapita njiani, hata hakusimama, na aliyekaa barazani amekwisha soma na amekwisha kasirika.

Na wazee wetu wa bandarini walikuwa na bati lililotobolewa. Gunia liliwekwa chini, bati juu yake, brashi ya wino ikapita, na gunia limepata jina. Herufi hizo ni nene, na A na R zake zina vijidaraja vya kushikilia kati isianguke. Mtu wa melini aliisoma akiwa juu ya sitaha na gunia likiwa chini ya winchi. Hapana aliyeziita herufi hizo nzuri, na karafuu za visiwa hivi zilijulikana Bombay na Singapore.

Sasa zimebandikwa katika ukuta wa ofisi sampuli nne za lebo mpya, nasi tumeombwa tutoe rai.

Ya kwanza ni ile ile ya harusi, imenenepeshwa kidogo. Waliyoileta wanasema fedha ya mchoraji isipotee. Twasema imekwisha potea. Lakini tusiwe na dhuluma: kwa kisanduku cha zawadi kinachouzwa Mji Mkongwe, ambapo mgeni hukishika mkononi na kukigeuza geuza huku muuzaji akimsimulia, mwandiko ule hauna dhara. Msimuliaji yupo. Tunduma hayupo.

Ya pili ndiyo inayotukera, na tutakaa juu yake. Mchoraji wake amechukua herufi za Kirumi, akazipinda zifanane na Kiarabu, akazimwagia nukta juu na chini kama mtu anayenyunyiza pilipili manga. Alituambia zimo tayari katika kompyuta, watu wa viungo wanazitumia ulimwenguni kote, na mgeni akiziona hukumbuka Zanzibar. Labda. Lakini sisi tuliokaa chuoni juu ya jamvi twajua kwamba nukta si pambo. Nukta moja chini ni be. Mbili juu ni te. Tatu juu ni the. Wengi wetu tumechapwa kwa nukta moja iliyokaa mahali si pake, na Mwalimu alikuwa na haki, kwa kuwa nukta hiyo ilikuwa imegeuza neno. Leo mtoto wa chuoni akiitazama sampuli hii atajaribu kuisoma kutoka kulia, hatapata kitu. Atajaribu kutoka kushoto, atapata Karafuu yenye nukta zisizo na maana. Ni maandishi yaliyovaa kanzu ya mtu mwingine.

Kama twataka herufi za Kiarabu, tuziandike kweli. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizo karne nyingi kabla ya shule za Wazungu. Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, na haukuandikwa kwa herufi za Kirumi. Neno karafuu lenyewe lina asili moja na qaranful ya Kiarabu. Wako ndugu zetu Muscat wenye maduka, na sabuni ikipelekwa huko yafaa upande mmoja wa lebo uandikwe Kiarabu halisi, chenye nukta zake zote mahali pake, na kisomwe kwanza na mtu anayekijua kabla ya kupelekwa kiwandani. Jambo hilo twaliunga mkono. Kumpelekea Mwarabu herufi za Kirumi zilizojifanya Kiarabu ni kujichekesha.

Sampuli ya tatu ni ndugu wa ya pili, ila hii imejifanya Afrika. Herufi zake ni nzito, zimekatwa kama kwa shoka, na kila mstari una kona isiyotarajiwa. Tuliuliza zimetoka kabila gani. Tumegundua kwamba zinafuata herufi ziitwazo Neuland, zilizotengenezwa na Mjerumani Rudolf Koch mwaka 1923, ambaye alizichonga moja kwa moja katika chuma bila ya kuzichora kwanza. Ni kazi ya fundi, hatumkosei heshima. Lakini hazikutoka Afrika. Wachapaji wa Marekani ndio waliokuja kuzitia juu ya vitabu vya watu weusi, na juu ya sigara, na juu ya kila kitu cha porini, mpaka filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993, ambayo khabari yake ni mijusi mikubwa ya kale. Mmarekani Rob Giampietro aliandika juu ya jambo hili mwaka 2004, akaonyesha jinsi sura ya herufi ilivyoweza kumwambia msomaji "hiki ni cha washenzi" bila ya neno hilo kuandikwa popote. Na zile nyingine ziitwazo Papyrus, zenye kingo zilizoliwa kama na mchwa, ambazo tuliziona juu ya chupa za asali zaidi ya moja katika safari hii, alizichora Chris Costello huko Marekani mwaka 1982, na filamu ya Avatar ya 2009 ikazitumia kwa watu wa sayari nyingine. Asali ya Songwe imetoka Songwe. Haina haja ya kuandikwa kana kwamba imetoka mwezini.

Hatusemi haya kwa ubaguzi. Herufi zote za Kirumi zilitoka kwingine, na wino, na karatasi. Neno letu ni hili, kwamba mtu anayetuuzia sura ya "Kiafrika" anatuuzia kile ambacho mgeni alikwisha kukidhania kabla hajatufikia, na mnunuzi wetu mkubwa si mgeni huyo. Ni utingo aliye katika foleni, ni mama wa Nakonde anayesoma Kibemba na Kiingereza na Kiswahili cha sokoni, ni mwenye duka la Lubumbashi. Hao hawatafuti Afrika. Wanatafuta sabuni.

Sampuli ya nne iliandikwa kwa mkono na fundi anayeandika majina ya majahazi na mashua hapa kwetu. Alipewa ubao, akaombwa aandike KARAFUU kama kwamba ni jina la chombo. Hakutumia rula. Herufi zimesimama wima, unene wake ni mmoja, u mbili zimeachana kiasi cha kupita kidole, na mguu wa R umetoka nje kidogo, kwa namna ambayo kila mwenye kuvua hapa kisiwani ataitambua. Neno hili lina herufi tano tu tofauti, K na A na R na F na U, kwa hiyo kazi ilimchukua asubuhi moja. Ubao umepigwa picha, na picha imesafishwa katika kompyuta. Hizo ndizo herufi tunazoziunga mkono.

Wanaopinga wanasema ni za kikawaida mno, na kwamba kitu cha kutengenezwa kwa mkono kinataka herufi yenye madoido ili ionekane ni cha mkono. Ni hoja ya kweli, si ya kupuuzwa. Sabuni ya kiwandani huuzwa rahisi kuliko yetu, na tusipojitenga nayo tumekwisha. Lakini hizi zimeandikwa kwa mkono, mkono wa mtu tunayemjua, na yule R hayumo katika kompyuta ya mtu yeyote. Madoido yatiwe katika karatasi, katika ukili wa kufungia, katika tawi la mkarafuu lililochorwa chini. Jina liachwe lisome.

Yako mambo mengine ya kazi ambayo kamati ya lebo haikuyataja, nasi twayaongeza.

Mafuta ya makonyo hula wino. Waliokwisha kufunga chupa ndogo wanalijua hili: tone moja likiteremka ubavuni, siku ya pili lebo imekuwa kama imelia. Mafuta hayo hulainisha hata baadhi ya plastiki. Mistari myembamba ndiyo inayokwenda kwanza. Herufi nene inaweza kupoteza ukingo na bado ikasomeka. Ya harusi ikipoteza ukingo imepotea yote.

Na kwa chupa hizo si jambo la biashara peke yake. Mafuta safi ya karafuu ni makali; tone moja kwenye pamba kwa jino ni dawa, lakini mtoto mdogo akiyanywa ni khatari ya roho. Onyo la USINYWE na WEKA MBALI NA WATOTO lazima lisomwe na bibi asiyekuwa na miwani, usiku, kwa taa ya simu. Katika sampuli mbili kati ya nne onyo hilo limeandikwa kwa herufi ndogo kuliko jina la mchoraji. Hatukuamini mpaka tulipopima.

Kwa maneno madogo, yaani uzito, vilivyomo, jina la mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha, hatuna haja ya fundi wa mashua. Zipo herufi ziitwazo Andika, na jina hilo ni neno letu lenyewe, zilizotengenezwa na shirika la SIL khasa kwa watu wanaoanza kujifunza kusoma. Ndani yake tarakimu moja haifanani na I kubwa wala na l ndogo, na hili ni jambo kubwa katika tarehe na namba ya toleo. Tena ni za bure hata kwa biashara. Twalisema hili kwa sababu vijana wa steshenari huteremsha herufi yoyote waionayo katika intaneti, na nyingi zimeandikwa kuwa ni bure kwa matumizi ya mtu binafsi tu. Ukizitia juu ya bidhaa ya kuuza, mwenyewe ana haki ya kukudai. Chama hakina fedha ya kudaiwa na mtu wa Ulaya kwa ajili ya mkia wa herufi.

Juu ya usajili hatutasema mengi. ZBS huku na TBS bara wana masharti yao ya lebo, nayo yako ofisini kwa atakayetaka kuyasoma. Ila wanachama wakumbuke kuwa alama ya biashara husajiliwa mara mbili, kwa BPRA hapa Zanzibar na kwa BRELA bara, na ya upande mmoja haikulindi upande wa pili. Kwa hiyo tusisajili herufi tutakazozijutia. Tena haya yote ni ya sabuni na chupa ndogo. Karafuu kavu zina njia yake ya ZSTC, na asije mtu akasema gazeti la Chama limemwambia abandike lebo juu ya gunia avuke nalo bahari.

Tulipoagana na mama wa Tunduma tulimwomba atupe kile kipande cha boksi tuje nacho. Alikataa kwanza, akasema bado kina kazi, kwa kuwa mpwa wetu amemwachia vipande sita vya mwisho. Tukamngoja. Jioni ile viwili vikauzwa mbele yetu, kimoja kwa dereva wa Kizambia aliyesoma neno moja moja, KA-RA-FUU, akakinusa, akacheka, akalipa kwa kwacha. Vinne vilivyobaki tulivinunua sisi, kwa bei kamili ya duka, nayo imo katika hesabu za safari. Mama akakata uzi, akatupa kipande chake.

Kimebandikwa ukutani ofisini, upande wa kulia wa sampuli ya nne. Mwanachama anayetaka kupiga kura kwa haki tunamwomba asizisogelee sampuli. Asimame mlangoni, mlango ufungwe, iwashwe taa moja, asome kutoka hapo. Tumeweka alama ya chokaa sakafuni. Mwenye mjukuu wa darasa la pili aje naye, na mwenye wazee wasioona vizuri aje nao. Ofisi itafunguliwa kwa kazi hiyo kila siku baada ya sala ya alasiri mpaka magharibi, isipokuwa Ijumaa, mpaka siku tatu kabla ya Mkutano. Lebo za zamani zilizobaki ni elfu moja na mia nne. Mwenye kuzitaka kwa kufungia vitu vya nyumbani aje achukue.